Mzee Aidarus na Neno Lake Moja

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna kauli iliyonichefua kama ya mtoto anayesimama, anajikuna kichwa, halafu anasema, "Mwalimu, najua, ila siwezi kueleza." Nilikuwa namjibu hapo hapo: hujui, kaa chini. Kama unajua, sema. Watoto wa Manzese wananifahamu kwa hilo. Wengine sasa wana ndevu na bado wakiniona wanavuka barabara.

Naitwa Eliaichi, Mchaga wa Machame, mstaafu. Nyumba yangu imepakana ukuta kwa ukuta na ya Mzee Aidarus, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Habari zake nazisimulia mimi kwa sababu mwenyewe hawezi, na wanaozisimulia pale kituo cha mabasi ya mwendokasi wanaongeza chumvi mpaka haziliki.

Babu yake Mzee Aidarus alitoka Hadhramaut, lakini yeye ni mtoto wa Manzese, kazaliwa hapa na anapajua hapa. Dukani kwake kuna makopo ya maziwa ya unga zaidi ya mia mbili, yamepangwa mpaka darini, na ndani yake mna skrubu, bawaba, misumari, vishikizo vya madirisha na vikorokoro vya mabomba. Hakuna kopo hata moja lililoandikwa kitu. Ukimuuliza utajuaje kilipo kitu, anakuonyesha kidole kichwani pake.

Na alivyokuwa anauza sasa. Mteja akiingia, yeye anasikiliza huku anatikisa kichwa juu na chini, kama anayekubali. Utaeleza shida ya mlango wako, ya fundi aliyekula hela, ya mkeo, naye anatikisa kichwa tu, polepole, kwa huruma, mpaka unajiona umepata ndugu. Halafu unasema, "Basi mzee wangu, nipunguzie kidogo." Naye anasema, "Haipungui." Hakasiriki wala hacheki. Mimi mwenyewe nilikwenda kununua kitasa mwaka nilioezeka nyumba, nikatumia nusu saa nzima na ufasaha wangu wote, tamathali za semi zikiwemo. Haipungui. Kitasa bado kizima, lakini sijamsamehe.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, alikuwa anafungua mlango wa duka asubuhi akadondoka. Kiharusi. Mkono wa kulia ukawa mzito, mdomo ukaenda upande, akalala hospitali siku mbili bila kutoa sauti. Siku ya tatu tumemzunguka kitandani: mkewe Zubeida, binti yake Rumaisa, mdogo wake Abdulrahman, na mimi jirani. Akafumbua macho. Akatutazama mmoja mmoja. Midomo ikaanza kucheza, Abdulrahman akaanza kulia, sote tukainama tusikie.

"Haipungui," akasema.

Muuguzi aliyekuwa anapita akageuka mbio na mashine ya presha. Akapima, akapima tena, akapima mara ya tatu, akatuambia jamani, mbona imeshuka vizuri tu.

Basi likawa ndilo hilo. Maneno mengine yote yaliondoka, hilo moja likabaki. Shikamoo mzee: haipungui. Umekula: haipungui. Usiku mwema, baba: haipungui. Na kuandika nako kulikwenda na maneno. Ukimpa kalamu anachora kitu kama kamba iliyojisokota, halafu anairudisha. Kutikisa kichwa nako hakukusaidia, maana tangu ujana wake alimtikisia kichwa kila mtu aliyefungua mdomo. Ungemwambia mbingu imeanguka Kimara, angetikisa kichwa.

Mie, yaani mimi, nikaona kazi hii ni yangu. Nikakata kadi, nikachora picha, nikabeba na chaki. Kila siku saa nne nipo barazani kwake. Hiki nini, Mzee Aidarus? Picha ya ng'ombe. "Haipungui." Sema ng'o-mbe. "Haipungui." Picha ya kuku. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwenzake. Siku ya tisa nikamwonyesha kadi ya kikombe, nikasema kwa ukali kidogo, sema ki-ko-mbe. Akaichukua ile kadi kwa mkono wa kushoto, akaiweka kando, akainuka kwa fimbo yake, akaingia ndani. Alirudi fimbo ikiwa kwapani, na kikombe cha kahawa, ya moto, yenye tangawizi kama ninavyoipenda, akanipa.

Nikainywa yote. Halafu nikampa sifuri, kwa sababu hakusema.

Mkewe Zubeida alikuwa ananichekea. "Mwalimu, mie nimekaa na huyu mtu miaka thelathini," akaniambia. "Alipokuwa na maneno yote hakuyatumia. Sasa unahangaika nayo ya nini?"

Nyumba ile ikajaa wakalimani. Zubeida alitaka kupaka sebule rangi ya pinki, akamuuliza mumewe mbele ya watu, akajibiwa haipungui, kesho yake mafundi wakaja na ndoo. Abdulrahman naye alitaka joho la marehemu baba yao, lile jeusi la nakshi za dhahabu lililokuwa kabatini kwa kaka yake. Akaliomba, akaambiwa haipungui, akaondoka nalo mkononi. Huyu Abdulrahman si mtu mbaya, nisimsingizie. Ila ni mtu wa shughuli. Penye msiba, harusi au maulidi, atakaa mbele, atashika kipaza sauti, atasahau kukiachia. Alikuja kila siku kumtazama kaka yake, na kila siku aliongea juu ya kichwa chake. "Kaka leo amechoka. Kaka hali tambi siku hizi." Na kaka yuko pale pale, amekaa, ana sahani ya tambi mapajani.

Lakini mkalimani mkuu alikuwa Rumaisa. Huyu nilimfundisha darasa la saba, na ripoti yake ya kila muhula niliandika: anaongea mno. Ana miaka ishirini na sita, anauza juisi ya ukwaju na barafu za pakiti kwenye meza mbele ya duka. Tangu baba yake augue akawa ndiye ulimi wake. Baba anasema kopo la tatu kutoka juu. Baba anasema ukae, usiende. Nilimuuliza, we Rumaisa, unajuaje anasema hivyo? Akanijibu, "Mwalimu, si unamwona?" Nilimwona. Nilichoona ni mzee anayesema haipungui.

Na dukani, kweli, mambo yalikwenda. Mtu akileta kipande cha bawaba iliyovunjika, Mzee Aidarus anakigeuza kidogo kwa vidole, anapandisha macho kwenye yale makopo, ananyoosha fimbo. Wanashusha kopo, kitu kimo. Abdulrahman alisema hayo ni mazoea tu, mikono inakumbuka, hata punda wa mkokoteni anajua njia ya kwao. Na mimi, bora niseme ukweli, nilikubaliana naye. Sikusema kwa sauti.

Sasa yule Muntasir. Kijana wa Kigamboni, fundi friji. Aliitwa kutengeneza friji la Zubeida ambalo Rumaisa hugandishia barafu zake. Akalitengeneza. Baada ya wiki likaharibika, akarudi. Katika miezi miwili alivuka daraja mara tano kuja kulitengeneza friji lile lile, na mimi nilishalifungua mwenyewe nikaona halina ubaya wa kiasi hicho. Mara ya sita hakuja na bisibisi, alikuja na wazee.

Siku ya posa nilikuwepo. Rumaisa aliulizwa mahari yake anataka nini, akasema anataka friza, mpya, ile ya mlango wa juu. Wazee wa Kigamboni wakatazamana. Mmoja akakohoa, akamgeukia Mzee Aidarus kwa adabu zote, akasema, mzee mwenzangu, unaonaje tukatafuta ile ndogo kidogo, ya saizi ya kati?

Unajua alichojibu.

Wakakubali, wakala wali wakaondoka. Wenyewe mpaka leo wanamsifu mzee kwa msimamo.

Wiki mbili kabla ya siku ya ndoa, Abdulrahman akaja na uso mzito. Akawakalisha Zubeida na Rumaisa sebuleni, kwenye pinki yote ile, akaanza. Kwa Waislamu binti huozeshwa na walii wake, akanieleza na mimi ambaye sikuuliza, na walii wa kwanza ni baba. Lakini baba lazima awe na akili zake timamu. Kama akili imekwenda, kazi inashuka kwa mtu wa karibu, yaani ami yake binti, yaani yeye.

"Shemeji, usinielewe vibaya," akamwambia Zubeida. "Neno alilowaambia wale wazee wa Kigamboni ndilo hilo hilo anamwambia muuza karanga. Tukifunga ndoa kwa neno la namna hiyo, tutakuwa tumefunga nini? Watoto watakaozaliwa tutawaambiaje?"

Rumaisa alisimama. Yule mtoto ambaye siku zote maneno yake yanagombania mlango wa kutokea, safari hii alisema machache. "Ami, kama si baba atakayeniozesha, mimi siolewi. Mwambieni Muntasir arudi kwao."

Akaingia chumbani. Tukamsikia analia.

Zubeida akanigeukia. "Mwalimu, wewe umesoma. Sema basi. Mume wangu yumo au hayumo?"

Mungu anisamehe, nilitazama dirishani. Ndoa ya mtoto niliyemfundisha inaning'inia, na mimi nahesabu nondo za dirisha.

Ikaamuliwa aitwe Sheikh Abdulhadi, imamu wa msikiti wa mtaa wa nyuma, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa waya. Atamtazama Mzee Aidarus, atakachosema ndicho. Abdulrahman akataka yaandikwe, na aandike mtu baki, mwenye mwandiko, asiye na upande. Akanichagua mimi. Alijua msimamo wangu vizuri sana.

Jumamosi baada ya alasiri tukakaa. Sheikh na Abdulrahman kwenye kochi, Mzee Aidarus kwenye kiti chake, kanzu imepigwa pasi. Abdulrahman alikuja na joho mabegani, joto lote lile, jasho likimtiririka mpaka kwenye ndevu. Zubeida na Rumaisa walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mimi kiti changu kiliwekwa mlangoni kabisa, pazia likinigusa bega, naona huku na huku, daftari mapajani.

"Niseme mapema," Sheikh akaanza. "Kutosema si kosa. Bubu akiashiria, ishara yake inapita, hata kwenye ndoa. Mimi sikuja kutafuta ulimi. Nimekuja kutafuta akili."

Akamsogelea. "Bwana Aidarus, leo siku gani?"

"Haipungui."

Nikaandika.

"Umejaaliwa watoto wangapi?"

"Haipungui."

Nikaandika.

"Huyu hapa ni nani wako?" Akamwonyesha Abdulrahman.

Mzee Aidarus akamtazama ndugu yake, akalitazama joho. "Haipungui," akasema, na safari hii ilitoka kwa uchungu kidogo, lakini kwenye daftari uchungu hauandikiki.

Ikaenda hivyo maswali tisa. Sheikh akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nyuma ya pazia Rumaisa alikuwa ameng'ata ncha ya mtandio. Abdulrahman akasema kwa sauti ya chini, wala hakuwa anafurahi, "Umeona mwenyewe, Sheikh. Andika, Mwalimu."

Nikainua kalamu. Sijui kwa nini nilimtazama Mzee Aidarus kabla ya kuandika. Alikuwa amekunja ngumi ya kushoto juu ya goti, macho yamenikazia mimi, si Sheikh. Uso ule naujua. Nimeukalisha chini mara elfu. Ni uso wa mtu ambaye jibu liko naye, limemkaba, na anaona mwalimu anageuka kwenda kwa mwingine. Nikapata hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mimi.

"Sheikh, samahani," nikasema. "Mimi si wa dini yenu na nimeambiwa niandike tu. Lakini huo mtihani si wake."

"Wake upi, Mwalimu?"

"Darasani tuna mtihani mwingine. Mwanafunzi hajibu kitu. Wewe unamsomea habari, ndani yake umepachika makosa. Kama anajua, hatakuacha upite."

Abdulrahman akafungua mdomo, lakini Sheikh alishaanza kutabasamu. Akatoa karatasi mfukoni, ile ya makubaliano ya posa, akaanza kuisoma kwa sauti, taratibu. Kwamba Muntasir wa Kigamboni, fundi friji, amemposa Rumaisa binti Aidarus. Mzee Aidarus akatikisa kichwa. Kwamba ndoa itafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, msikitini. Akatikisa kichwa. Kwamba mahari aliyoitaka binti ni pasi ya umeme.

Kichwa kikasimama.

Nimemfahamu yule mzee miaka ishirini na mitatu, sijawahi kukiona kichwa kile kimesimama mtu anapoongea. Akamtazama Sheikh. Sheikh akarudia, pasi ya umeme, ya mvuke. Mzee Aidarus akashika fimbo, akainuka, akanipita pale mlangoni, akawapita mkewe na binti yake bila kuwatazama, akaenda zake jikoni. Tukasikia mlango wa friji unafunguliwa. Tukasikia anapekua. Akarudi mguu mmoja mmoja, fimbo kwapani, na kitu mkononi kinadondosha maji sakafuni, akakiweka juu ya karatasi ya Sheikh. Pakiti ya barafu ya ukwaju.

Barafu ikaanza kulowesha makubaliano.

"Labda ameona unatoka jasho, Sheikh," akasema Abdulrahman.

Nikataka kumrushia daftari. Lakini Sheikh ni mtu wa haki, akakubali kuwa hilo linawezekana, maana kweli jasho lilikuwa linamtoka. Akaiweka barafu pembeni, akaikung'uta karatasi, akaendelea kusoma pale ambapo wino haujatapakaa. "Na walii wa binti," akasema, "kwa kuwa baba mtu hajiwezi tena, atakuwa ami yake, Bwana Abdulrahman."

Mzee Aidarus alikuwa bado amesimama. Akaenda mpaka kwenye kochi, nyuma ya ndugu yake. Akaiegemeza fimbo ukutani. Akalishika lile joho begani kwa mkono wa kushoto, akalivuta, upole kabisa, kama mama anayemvua mtoto sare ya shule. Likakwama kwenye kiwiko. Akalivuta tena likatoka. Kulivaa mwenyewe kwa mkono mmoja kulimshinda, likamwangukia bega moja tu, lingine likaburuta sakafuni. Akarudi kwenye kiti chake akaketi nalo hivyo hivyo.

"Abdulrahman," Sheikh akasema, "una la kuongeza?"

Abdulrahman alikuwa anamtazama kaka yake, na nilidhani atabisha, maana ndiyo kazi yake. "Joho alinipa mwenyewe," akasema. "Nilimwomba akasema... " Akajifuta uso kwa kiganja, jasho na kitu kingine. "Kumbe yumo. Miezi minane yote, kaka, umo humo, na mimi nakaa hapa nasema wewe huli tambi."

"Haipungui," akasema Mzee Aidarus, akampiga kofi dogo la goti.

Mimi sikuwa nimeandika chochote kwa dakika kadhaa. Nikaandika: yumo. Sheikh akaniambia inatosha.

Nilidhani tumemaliza. Ndani Zubeida alishaanza kushukuru kwa sauti, na kikombe cha kwanza cha kahawa kilishaanza kumiminwa. Sheikh akakunja karatasi yake, akasema kwa namna ya kumalizia tu, "Basi, Bwana Aidarus, wewe ndiye walii. Unaridhia binti yako aolewe na huyu kijana?"

Rumaisa akajibu kutoka nyuma ya pazia kama alivyojibu kila siku. "Ameridhia, Sheikh. Baba anasema ameridhia zamani, anampenda sana Muntasir, anasema hata—"

Mzee Aidarus akainua mkono. Rumaisa akanyamaza.

Sheikh akauliza tena. Unaridhia? Mzee hakutikisa kichwa, hakusema haipungui, hakusema kitu. Akakaa tu na joho lake la bega moja.

Jamani. Tumempigania mtu atambuliwe kwamba anajua, na sasa ametambuliwa, na anayojua huenda siyo tuliyoyataka. Sote tulikuwa tumemtafutia haki ya kusema ndiyo. Hakuna aliyekuwa amewaza kwamba atakuwa amepata na haki ya kukataa. Zubeida aliiweka birika chini. Rumaisa rangi ilimtoka, nilimwona mimi, wa sebuleni hawakumwona. Ndani ya kichwa chake bila shaka alikuwa anatafuta tafsiri, na mara ya kwanza haikuja.

"Kuna kitu bado," akasema Sheikh polepole. "Subirini."

Mzee Aidarus akainuka. Akaja tena mlangoni, akalisogeza pazia, akaingia kwa wanawake. Zubeida akampisha. Akaketi juu ya kitanda kilichokuwa kando ya pazia, karibu na binti yake, joho likimburuta, akauchukua mkono wake kwa mkono wake mzima. Akamtazama usoni. Miezi minane Rumaisa amemsemea. Kila mtu nyumba ile alimuuliza baba, posa ilimuuliza baba, ami alimuuliza Sheikh juu ya baba, na binti aliulizwa mahari tu.

"Haipungui?" akasema.

Sikuwahi kumsikia akiuliza. Aliipandisha ile sauti mwishoni, kidogo tu, na hakuna mtu chumbani mle aliyehitaji mkalimani. Alikuwa anauliza: wewe, mwanangu, ndivyo unavyotaka?

Rumaisa akafungua mdomo. Nikasogea, kwa sababu namjua, nikasubiri mvua ya maneno. Hayakuja. Akajaribu tena. Akainamisha kichwa, machozi yakaanza kudondokea kwenye ule mkono aliokuwa ameshikwa, na hakusema hata neno moja, yule niliyemwandikia anaongea mno kwa mihula yote.

"Mwalimu," Sheikh akaita kutoka sebuleni, maana yeye hakuona. "Walii amemuuliza?"

"Amemuuliza."

"Na binti amesemaje?"

"Hajasema kitu, Sheikh. Amenyamaza. Analia."

"Analia vipi?"

Nikamtazama. Alikuwa ameweka kichwa kwenye bega la baba yake, upande ule wenye nakshi za dhahabu, na mkono wake wa pili ulikuwa unalivuta joho limkae vizuri.

"Vizuri," nikasema.

"Basi imetosha. Kwetu binti akiulizwa na walii wake akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo ruhusa. Hatumdai zaidi." Akasogea mpaka karibu na pazia, nikasikia magoti yake yanalia. "Bwana Aidarus, kwa sababu siku yenyewe itataka maneno, nipe mkono, unifanye wakili wako, niyaseme kwa niaba yako."

Mzee Aidarus alisikia. Alitikisa kichwa, na safari hii nilijua anatikisia nini. Lakini mkono wake mzima ulikuwa umeushika wa Rumaisa, na hakuuachia. Akajaribu kuuinua ule wa kulia, mzito. Vidole vikacheza kidogo juu ya goti, vikatulia. Akajaribu tena.

Rumaisa akaufuta uso wake kwa mtandio. Akauinua ule mkono mzito wa baba yake yeye mwenyewe, kwa mkono wake uliobaki huru, akaupitisha kwenye pazia, akaushikilia hapo mpaka Sheikh alipoupokea.